Maziwa ya Akinisi

Akinisi alikuwa na maziwa mengi hivi kwamba wanawake wa Ikirasaq, kwetu kaskazini penye barafu, walimtania kuwa angeweza kunyonyesha kijiji kizima na bado akabakiza ya kutia kwenye chai. Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Majira ya baridi aliyojifungua, mke wa mchungaji wetu alishikwa na homa ya uzazi, na kwa majuma sita mtoto wa mchungaji alinyonya ziwa la kushoto la Akinisi huku mwanawe mwenyewe akinyonya la kulia. Wote wawili walinenepa hadi mikono ikajikunja mikunjo.

Mimi naitwa Miaji. Mama yangu na mama yake, Maina, walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo Akinisi alikuwa mdogo wangu, na nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Nilifanya kazi ya ukalimani katika zahanati ya kijiji kwa miaka thelathini na mmoja. Wauguzi wengi walikuja na kuondoka, nami nikabaki kitini pangu nikigeuza maneno yao kuwa yetu na yetu kuwa yao. Naeleza haya mapema kwa sababu katika maisha ya Akinisi nami nimo, na si mahali pa kujivunia.

Mtoto alizaliwa mwezi wa pili mwaka 1988. Alikuwa wa kike, lakini alipewa jina la babu yake, Aquujaq, baba yake Akinisi, aliyechukuliwa na barafu iliyokatika miaka miwili kabla. Kwetu anayebeba jina ndiye mwenyewe aliyerudi. Maina alimpokea yule mtoto mikononi, akamtazama kwa muda mrefu machozi yakimtiririka, kisha akaanza kumgombeza.

"Mume wangu, ulikuwa wapi siku zote hizo? Nilikwambia usiende siku ile, ukaniambia naongea sana. Haya, umerudi huna hata jino moja. Nani atakutafunia nyama?"

"Wewe," Akinisi alijibu kutoka kitandani, akicheka huku anashika tumbo. "Ndiye mume wako, si wangu."

"Na ameanza kunikojolea. Hajabadilika hata kidogo!"

Nyumba nzima ilicheka. Hata Putulik, mume wa Akinisi, mtu mkimya ambaye kicheko chake kilikuwa kutikisa mabega tu, siku ile alitoa sauti. Tangu hapo Maina alimwita yule mtoto mume wangu, na Akinisi alimwita baba, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwezi uliofuata alikuja daktari mmoja mwanamke kutoka kusini, akiwa na sanduku lililojaa chupa ndogo. Aliniomba niwaeleze akina mama kwamba miji ya kwao ina viwanda, na viwanda vina uchafu, na uchafu huo umeonekana katika maziwa ya wanawake wa mjini. Walitaka kuyapima pamoja na maziwa ya wanawake wanaoishi mbali kabisa na viwanda, ili waone maziwa safi yakoje. Niliyaeleza vizuri siku ile. Wanawake walifurahi. Mara nyingi Wazungu walipokuja kutupima walikuwa wakitafuta ubaya wetu. Safari hii walikuja kutafuta uzuri.

Akinisi alijaza chupa mbili wakati wenzake wanahangaika na moja.

"Dada Miaji, mwambie kama hazitoshi alete ndoo," alisema. "Na mwambie ni nyama ya sili hii, na ya nyangumi, ndiyo inayoyaleta. Huko kwao wanakula mikate, wataona wapi maziwa?"

Nilimtafsiria daktari. Alicheka sana, akaandika namba juu ya chupa, akaondoka na ndege ya mchana.

Tukasahau. Barafu ikaondoka, bata bukini wakaja, meli ya bidhaa ikaja na kwenda. Aquujaq alianza kukaa, kisha kutambaa, na mama yake alikuwa akimpakia kwenye kofia kubwa ya koti lake la kubebea na kwenda naye pwani kuokota kome. Nikipita nilikuwa nawasikia, mmoja anaimba, mwingine anaitikia kwa kelele.

Majibu yalikuja mwezi wa kumi. Hakuja yule daktari mwanamke. Alikuja mwingine, mwanamume mwenye haraka, kwa sababu rubani alikuwa amempa saa mbili tu kabla hali ya hewa haijaharibika. Alinikalisha akanieleza. Maziwa yetu, yaliyotarajiwa kuwa safi kuliko yote, yalikutwa na kemikali za viwandani mara tano zaidi ya yale ya wanawake wa mjini. Kemikali hizo husafiri kwa upepo na maji hadi kwetu, akasema, zikaingia katika vidudu vya baharini, samaki akala vidudu, sili akala samaki, nyangumi akakusanya vyote katika shahamu yake, nasi tukamla nyangumi.

"Lakini waambie wasiache kunyonyesha," alisema mara mbili. "Faida ya maziwa yao bado ni kubwa kuliko hasara. Hilo ndilo la muhimu."

Akatoa jina la zile kemikali. Katika lugha yetu hakukuwa na neno lake wala neno lililolikaribia. Nilimuuliza, niseme nini? Akasema, tafuta neno lolote watakaloelewa, na akatazama saa.

Saa sita mchana nilikaa mbele ya kipaza sauti cha redio ya kijiji, ambayo kila nyumba huiacha wazi kutwa nzima. Nikasema: "Maziwa ya kina mama yamepimwa, yamekutwa na sumu."

Sumu. Neno tunalotumia kwa nyama iliyowekwa kumuua mbweha. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, nilikuwa na haraka ya mtu mwingine kichwani mwangu, na ndilo lililonijia. Baada ya hapo niliyasema yale mengine yote, ya upepo na samaki, na kwamba wasiache kunyonyesha. Lakini simu ya redio ilikuwa imeshaanza kulia, na mtangazaji akaanza kuwaunganisha watu hewani, na mwanamke wa kwanza alikuwa analia tu, haulizi kitu. Ukiisha kumwambia mtu kuna sumu, ndipo umwambie endelea kumpa mwanao, ni nani atakayekusikia?

Yaliyotokea nyumbani kwa Akinisi nilisimuliwa na mama mdogo Maina. Akinisi alikuwa amekaa sakafuni anashona kiatu cha ngozi ya sili, mtoto yuko kwenye ziwa. Aliposikia, hakupiga kelele. Aliingiza kidole pembeni mwa mdomo wa mtoto, akamtoa. Alimfuta midomo kwa mkono wa sweta yake, kisha akamfungua kinywa akamfuta na ulimi.

"Unafanya nini?" Maina aliuliza.

"Hujasikia?"

"Nimesikia. Mimi nilikunyonyesha wewe miaka mitatu. Umekufa?"

"Mama, yeye anajua. Miaji anafanya kazi na madaktari. Hawezi kusema hivyo redioni kama si kweli."

"Mume wangu ana njaa!"

"Atakula cha dukani."

Mtoto alilia siku tatu akitafuta ziwa. Akinisi alijifunga kifua kwa kitambaa kigumu, maziwa yakapenya, akabadilisha kitambaa, yakapenya tena. Siku ya nne nilikwenda kumwona. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nilimwambia daktari alisema wasiache. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mlango usiofunguka.

"Kuna sumu au hakuna?" aliuliza.

"Ipo, lakini kidogo, si ile ya—"

"Basi ipo."

Nilikunywa chai yake nikaondoka. Ningekuwa mtu wa maana ningerudi kesho yake, na kesho kutwa, nikakaa naye hadi aelewe. Sikurudi. Niliona aibu, na aibu hiyo niliiita kazi nyingi.

Majuma mawili baadaye Putulik na wenzake walirudi na nyangumi weupe wawili. Kijiji chote kilishuka pwani na visu, watoto wakitafuna ngozi mbichi papo hapo. Kwa desturi Putulik huchagua mwenyewe kipande cha kwanza cha mkewe, kile cha karibu na pezi, laini, anachokipenda. Alipanda nacho hadi mlangoni, damu ikimdondoka mikononi. Akinisi alisimama mlangoni akaficha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa.

"Kipokee," Putulik alisema.

"Siwezi."

"Ni mimi nimekileta."

"Najua ni wewe, Putulik. Sikukatai wewe."

Lakini ni nani angeweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili? Putulik alisimama kidogo, akageuka, akaenda kukiweka kile kipande mlangoni kwa mchungaji. Watu waliokuwa pale waliinamisha macho.

Maziwa ya unga ya watoto yaliletwa na meli, yakaisha dukani kabla ya Krismasi. Ndege ilitakiwa kuleta mengine. Ikaja dhoruba ya siku kumi na moja, hata nyumba ya jirani haikuonekana. Akina mama walioacha kunyonyesha walikuwa tisa. Walichanganya walichopata: maziwa ya kopo yenye sukari, maji ya mchuzi, na wengine, Akinisi akiwamo, ule unga mweupe wa kutia kwenye kahawa, kwa kuwa ulikuwa mweupe, na kopo lilikuwa na picha ya kikombe kinachofuka moshi, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ndani yake hamna maziwa. Ndege ilipotua, watoto wale walikuwa wamepata uvimbe wa uso usio wa shibe. Ukibonyeza shavu, alama inabaki.

Aquujaq alianza kutoka usaha masikioni. Watoto wetu wengi huugua masikio, kwa hiyo nesi alitoa matone akasema arudi baada ya wiki. Alirudi, akapewa mengine. Alikuwa mweupe mdomoni, mlegevu, hatambai tena. Mwezi wa pili, siku chache baada ya kutimiza mwaka, aliamka na homa kali, shingo imekakamaa kama kijiti, macho yamegeuka. Nilikuwa zamu. Nilimsaidia nesi kumshika akidungwa sindano, nami ndiye niliyemwambia Akinisi avae haraka, ndege inakuja, ugonjwa umeingia kwenye ngozi ya ubongo.

Walikaa hospitali ya kusini majuma saba. Mtoto akapona.

Siku waliyorudi tulikwenda wote kiwanjani kuwapokea. Akinisi alishuka ngazi, amekonda, mtoto mikononi na si kwenye kofia ya koti. Maina alisukuma watu akapita mbele.

"Mume wangu! Mume wangu, njoo huku, nimekungoja hadi meno yamekwisha!"

Mtoto alikuwa anatazama propela ya ndege inavyozunguka ikipungua. Hakugeuka. Maina akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, akapiga makofi karibu na sikio lake. Hakugeuka. Akinisi alikuwa anamwangalia mama yake, na hapo tukajua sote.

Maina alimchukua mtoto, akamgeuza uso, na yule mtoto alipomwona akacheka, akamshika pua.

"Si kitu," Maina alisema, sauti ikimkatika. "Hata zamani alikuwa hanisikilizi."

Watu walicheka, kisha wakaanza kulia wakiwa bado wanacheka. Akinisi peke yake hakufanya lolote kati ya hayo.

Yule daktari mwanamke wa chupa ndogo alirudi mwezi wa nne, aliposikia habari za watoto tisa. Wawili kati yao walikuwa wamezikwa. Alikaa chumbani na kila mama mmoja mmoja, nami katikati. Akinisi alikuja na swali moja, na aliniangalia mimi wakati anauliza, si daktari.

"Muulize: ningeendelea kumnyonyesha, angekuwa anasikia?"

Nilitafsiri. Daktari alisema watoto wanaonyonya huugua masikio mara chache zaidi. Alisema pia kwamba zile kemikali huenda hudhoofisha nguvu ya mtoto ya kupigana na magonjwa, hata akiwa bado tumboni, kwa hiyo huenda angeugua vilevile. Alisema hakuna anayejua. Alisema anasikitika, na niliona kwamba ni kweli anasikitika.

"Kwa hiyo nikimpa nakosea, nikimnyima nakosea," Akinisi alisema. "Na waliotupa uchafu huo baharini, wao wamekosea nini? Mmewapima?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Daktari alivua miwani.

Akinisi hakuzaa tena. Alimwomba nesi sindano ya kuzuia mimba, na kila baada ya miezi mitatu alikuja bila kukumbushwa, akikunja mkono wa nguo kabla hajaketi. Putulik alitaka watoto. Alinijia mimi, "Shemeji, ongea naye," nami nikasema nitaongea, nisiongee. Hawakuachana. Putulik aliendelea kuwinda na kugawa. Alipika nyama yake nyumbani kwa Maina akala huko, kisha akarudi kulala kwa mkewe.

Akinisi hakula tena kitu cha baharini. Alikula soseji za kopo, viazi vya pakiti, mikate laini, na soda tangu asubuhi. Ushauri wa madaktari ulibadilika kadiri miaka ilivyokwenda. Ukaja wa kwamba samaki wa mtoni ni salama, kuleni, sili si mbaya, wajawazito wapunguze nyama ya nyangumi tu, nyonyesheni, nyonyesheni. Nilitafsiri yote, kwa uangalifu, nikiwa nimeandika kila neno kabla. Wengine walirudia kula. Yeye alisema, "Wakishaamua wataniambia," akafungua soda nyingine.

Upendo wote uliobaki aliutia kwa Aquujaq. Alipotimiza miaka sita serikali ilimpeleka shule ya viziwi kusini, na kila kiangazi alirudi na lugha ya mikono. Akinisi alijifunza. Alikaa naye nje ya nyumba wakisemezana kwa vidole hadi jioni, na kwa kuwa sisi wengine hatukuelewa, ilionekana kama wana nyumba yao ndogo ambayo hatuna mlango wake. Mara nyingine Akinisi alikuwa akicheka kule ndani. Kwingine sikumwona akicheka.

Ugonjwa wa sukari ulimkamata akiwa na miaka thelathini na minane. Wakati huo wagonjwa wa sukari walikuwa wengi kijijini, ugonjwa ambao bibi zetu hawakuwa na jina lake. Kidonda cha mguu kikamleta zahanati kila siku, na mimi niliyemkwepa miaka yote hiyo nikalazimika kukaa naye nusu saa kila asubuhi tukisubiri nesi.

Asubuhi moja nikamwambia. "Akinisi, neno lile lilikuwa langu. Daktari hakusema sumu. Ni mimi."

Alikuwa anafungua bendeji yake mwenyewe. Hakuacha.

"Najua," alisema. "Yule daktari wa kike aliniambia siku ile, kwa ishara na kwa kamusi, ulipotoka kwenda kuchukua faili. Miaka kumi na tano imepita."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unanikimbia. Ningekuambia lini?" Alikunja bendeji chafu akaiweka pembeni. "Neno halina shida, dada Miaji. Ungesema uchafu, ningeogopa uchafu. Ungesema dawa, ningeogopa dawa. Lakini uliniambia redioni. Mimi! Ulinibeba mgongoni. Nyumba yangu iko hatua mia moja kutoka kwenye redio, ukanitangazia pamoja na watu wote, kama bei ya petroli. Ungekuja ukakaa. Ungeniambia nikiwa nimekushika mkono, ningeuliza, ungejibu, ningeuliza tena. Pengine ningeacha vilevile. Lakini nisingekuwa peke yangu."

Niliomba msamaha. Alisema, "Ndiyo," basi. Sikujua ndiyo ile ilikuwa ya kusamehe au ya kukubali kwamba nina la kuombea msamaha, na sikumuuliza. Kesho yake nilikwenda kwake baada ya kazi, na siku iliyofuata, na nikaendelea kwenda.

Alikatwa mguu akiwa na miaka arobaini na mitatu. Figo zikafuata. Kuoshwa damu kunahitaji kuhamia kusini moja kwa moja, naye alikataa. Alisema alishakaa kule majuma saba, yanamtosha. Alifariki mwezi wa tatu mwaka 2013, mchana wa jua kali juu ya theluji, Putulik amemshika kichwa, Aquujaq amemshika mikono miwili, vidole vyao vikiendelea kusemezana hadi vyake vikaacha. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Maina alikuwa amemtangulia kwa miaka minne.

Ardhi ilikuwa imeganda, kwa hiyo tulimfunika kwa mawe. Putulik alibeba makubwa peke yake, akakataa msaada.

Aquujaq sasa anafundisha watoto viziwi katika shule yetu, wako watano. Anakula kila kitu, cha baharini na cha dukani, na hamuulizi mtu. Putulik anaishi naye. Wiki iliyopita nilipita kwao nikawakuta mezani, mzee anamfundisha mjukuu wa mchungaji kuchana samaki, na Aquujaq akanivutia kiti kwa mguu bila kuacha kula. Nilikaa. Lugha ya mikono naijua kidogo tu, nilianza nikiwa mzee na vidole vyangu vigumu, lakini nilimuuliza hali yake, akanirekebisha namna ya kuuliza, nikauliza upya.